Zuwena Mchangani

Rumonge, 25 Rajabu 1328, ndio mwanzo wa Agosti 1910 kwa hesabu ya Wadachi

Kwa yaya Batuli, dada yangu wa tumbo moja, huko Usumbura.

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Hassani, na kwa huyo uliyembeba tumboni. Yaya, mimi tumbo langu ni tupu. Usishtuke, endelea kusoma. Mtoto amekuja. Tulikuwa tunamngoja baada ya Idi, nyuma ya wako, naye amewahi, hata Ramadhani haijaandama. Ni msichana, na yu hai.

Sijui nikueleze vipi alivyo. Unakumbuka yule kinda aliyedondoka kutoka paa la chuo cha baba kule Ujiji, siku tuliyokuwa tunaandika mbao zetu? Ndivyo alivyo. Mishipa yake yote unaiona. Mabegani ana vinyweleo, na sikio lake ukilikunja linabaki limekunjika. Akilia ni kama paka mdogo aliyefungiwa chumba cha pili. Kunyonya hawezi. Nakamua maziwa kwenye kikombe, tunachovya pamba, tunamdondoshea mdomoni polepole asipaliwe.

Nilikuwa nikikuandikia kwamba mama mkwe wangu, Mama Wema, ana maneno makali. Leo nakuandikia mengine. Wanawake walipoanza kunong'ona aliwatoa wote nje. Akavua nguo ya juu, akamlaza mtoto katikati ya maziwa yake, ngozi kwa ngozi, akamfunga hapo kwa kanga. Akasema, "Huyu hajaiva. Tutamwivishia nje." Tangu siku ile tunapokezana. Akichoka yeye napokea mimi, akienda kuanika dagaa wake anarudi mbio kuuliza kama bado anapumua. Swedi, mume wangu, anachungulia mlangoni na kuondoka. Unajua mikono ya fundi mitumbwi ilivyo, anaogopa kumvunja.

Kuna jambo jingine la siku ile, sitaki kuliandika.

Tumemwita Zuwena. Nimemfunga kifuani ninapoandika, ndiyo maana mistari imepinda.

Ndugu yako,
Mwamini


Usumbura, 10 Mfunguo Mosi 1328, Oktoba 1910

Mwamini wangu, mama Zuwena,

Barua yako aliniletea Aruna, hata vyungu vyake vya mawese hajavishusha mtumbwini. Nilipofika pale uliposema tumbo ni tupu niliketi mchangani mbele za watu. Ungeanza na neno "yu hai", ndugu yangu! Nusura unizalishe palepale.

Wangu alingoja siku zake. Amezaliwa katikati ya Ramadhani, mvulana, tumemwita Abasi. Ni mnene na ana hasira. Shemeji yako anashona nguo za askari wa boma, basi vipande vya kaki vinavyobaki vyote vinageuka mavazi ya Abasi. Mwanangu amevaa kama ombasha.

Sasa niambie, nani mkubwa? Wako amemtangulia wangu kuliona jua. Lakini kwa hesabu ya tumboni wangu ndiye kaka. Zuwena ni mdogo wake aliyepita njia ya mkato. Hawa watatambaa pamoja, watasimama pamoja, na siku ukimleta huku watararua nguo za askari pamoja.

Mwambie Mama Wema nambusu mikono.

Batuli


Rumonge, 15 Mfunguo Nane 1329, Mei 1911

Yaya Batuli,

Ungemwona Zuwena sasa ungesema nilikudanganya. Ana mashavu. Anacheka mpaka anapata kwikwi. Shingo imekaza, anageuka akisikia sauti ya baba yake, na Swedi siku hizi hamwogopi tena, anamwimbia huku anachonga.

Lakini kukaa hakai. Nikimkalisha anainama, anainama, mpaka paji la uso linagusa mkeka. Nikimsimamisha ndiyo naogopa zaidi. Miguu inakakamaa kama mipini, anasimama kwa ncha za vidole, na mguu mmoja unapita juu ya mwenzake. Wenzake waliozaliwa mwezi ule hapa kwetu wanakula mchanga na kukimbiza kuku. Juzi mama mmoja kisimani alimtazama akaniuliza kama si malale. Tangu Wadachi watukatishe vichaka vyote vya ufukweni kwa ajili ya mbung'o, watu wanaona malale kila mahali. Nilirudi nyumbani bila maji.

Mama Wema ana dawa yake. Anasema watoto wa ufuko huu huchimbiwa shimo mchangani, wakawekwa humo mpaka kiunoni, mchanga ukawashika mgongo hadi wajue kujishika wenyewe. Alikuja na jembe. Yaya, nilimpigia kelele mama mkwe wangu! Nilimwambia, "Mwanangu hawekwi shimoni mimi nikiwa hai!" Aliegemeza jembe ukutani akaenda kugeuza dagaa wake. Tangu siku hiyo tunasemeshana kwa adabu tu.

Abasi anafanyaje? Niambie ukweli.

Zuwena yuko mgongoni, amelala. Akiwa mgongoni halii kamwe.

Mwamini


Usumbura, 8 Mfunguo Tisa 1329, Juni 1911

Mwamini wangu,

Abasi? Usiniulize habari za mvivu yule. Analala chali anatazama paa kama mzee anayengoja kahawa. Kukaa kwenyewe anayumba. Hawa wawili wamepatana, tuwaache.

Lakini shimo umelikataa kwa nini? Hata Ujiji walikuwa wanafanya. Mimi sioni ubaya wake. Au kuna neno lingine?

Usile kwa mawazo, ule kwa njaa. Hassani anakusalimu.

Batuli


Rumonge, 20 Ramadhani 1329, Septemba 1911

Kwa Batuli.

Aruna amefika jana. Nilikwenda kumsalimu nimebeba chungu kichwani na Zuwena mgongoni. Akasema, "Ee, mtoto wa dada yako! Nilikuwa nafunga mtumbwi, nikamwona anakuja peke yake kwa miguu, anayumba kama mlevi, mpaka majini, na mama yake nyuma anapiga mayowe!" Alikuwa anacheka. Alidhani ananipa habari njema.

Na ni habari njema, Batuli. Kwa nini umeninyima? Ningelia siku moja, kisha ningefurahi. Sasa nimelia kwa mambo mawili.

Umenionea huruma. Sitaki. Kila mtu ananidanganya kwa upole. Siku Zuwena alipozaliwa nilisikia jembe nyuma ya nyumba. Nilimuuliza Swedi, akasema anapanda mgomba. Mgomba gani, mke wake akiwa bado anavuja damu? Asubuhi nilijikokota mpaka dirishani nikaona. Shimo lilikuwa dogo, yaya. Dogo kama kapu la dagaa. Pale ndipo wanapowazika watoto ambao hawajapewa jina. Mwanangu alikuwa kifuani kwa bibi yake anapumua, na nyumba yake huko nje ilikuwa tayari. Baadaye walilifukia, wakapanda mgomba kweli, na mgomba ule umezaa, kila mtu amekula ndizi zake isipokuwa mimi.

Uliniuliza kwa nini nimekataa shimo. Ndiyo hiyo sababu.

Kama utaniandikia tena maneno ya kunibembeleza, usiandike.

Mwamini


Usumbura, 12 Mfunguo Mosi 1329, Oktoba 1911

Mwamini,

Nimesoma barua yako kizingitini. Nisamehe. Na lile shimo, laiti ningelijua. Umelibeba peke yako muda wote huu.

Abasi anatembea. Alianza kabla ya Ramadhani. Siku aliposimama nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja, kisha nikakukumbuka, nikaona haya, kana kwamba mwanangu ameiba miguu ya mwanao. Ndiyo maana nilinyamaza. Yalikuwa mapenzi, lakini mapenzi ya kijinga. Sitakudanganya tena.

Umesema hutaki kubembelezwa. Haya basi, sikia.

Kwanza, unahesabu vibaya, na wewe ndiye tuliyekuwa tunakuita mwanachuoni. Unamhesabu Zuwena tangu Rajabu. Mhesabu tangu Idi, siku aliyopaswa kufika. Ile miezi ya mwanzo hakuwa mtoto mchanga, alikuwa bado anamalizia tumbo lake vifuani mwenu. Usimpange na watoto wa Rajabu. Wale si rika lake.

Pili. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mkekani. Yuko kifuani. Yuko mgongoni. Yuko mgongoni na chungu kichwani. Hakuna hata moja ambayo Zuwena yuko chini. Mtoto huyo anaujua mgongo wako kuliko anavyoijua ardhi. Ataikanyagaje asiyoijua? Najua unaogopa ardhi itamchukua. Lakini ulimshika asife, na mtoto hakufa, ndugu yangu. Sasa mshushe.

Kasirika. Lakini nijibu.

Batuli


Rumonge, 20 Mfunguo Tatu 1329, Desemba 1911

Mwana wangu Batuli, amahoro.

Ni mimi Wema, mama ya Swedi. Kuandika sijui. Anayeandika ni mwalimu Amisi, na nimemwambia aandike vile ninavyosema, asiongeze maneno yake ya Kiarabu.

Ndugu yako iko mugonjwa. Ni homa. Usilie, uji anakunywa, na jasho limeanza kutoka. Lakini nguvu hana, kusimama hawezi. Barua yako aliisoma, akaiweka chini ya mto. Kisha homa ikamukamata. Hakukuchukia, alikuwa bado anafikiri.

Mutoto nimebaki naye mimi. Mgongo wangu ni mzee, siwezi kumubeba siku yote na kuanika dagaa. Nimechimba shimo. Ndiyo, nimechimba. Nimetandika kanga ya zamani ndani, nikamukalisha, nikarudisha mchanga mpaka hapa kwenye kitovu. Siku ya kwanza alilia sana, nikamutoa. Siku ya pili alilia kidogo. Kisha akaupiga mchanga kwa kiganja, ukaruka, akashangaa, akaupiga tena. Akasahau kulia. Sasa anakaa hata nje ya shimo, anachezea makombe.

Kwa miguu nimechimba lingine, refu, mpaka mapajani. Asubuhi mchanga iko na moto kidogo, miguu inalegea, visigino vinashuka vyenyewe. Simulazimishi. Nakaa mbele yake namuonyesha dagaa, anamuinamia, anainuka. Leo amesimama nje, ameshika mtumbwi ambao Swedi anautengeneza. Swedi ameacha kazi anamtazama tu. Mwenye mtumbwi amekasirika.

Mwalimu anasema nimuambie ndugu yako habari ya mashimo haya. Mwalimu hana mutoto, hajui. Nimemuambia aandike na hilo.

Nataka wewe ujue neno moja. Siku ile mutoto alipozaliwa, wanaume walichimba nyuma ya nyumba bila kuniuliza. Niliposikia jembe nilitoka na mutoto kifuani nikawafukuza. Nikamuambia Swedi alifukie. Mgomba niliupanda mimi kwa mikono yangu, ili mtu asichimbe tena pale. Ninajua Mwamini alisikia. Hakusema, na mimi sikusema. Nilifikiri tukilitaja litatusikia.

Usimuandikie habari ya mchanga. Akipona nitamuambia mwenyewe. Akitaka kunifukuza, anifukuze, lakini mutoto atakuwa amesimama.

Wema


Usumbura, 9 Mfunguo Nne 1330, mwisho wa Desemba 1911

Mama Wema, shikamoo.

Nilimwahidi ndugu yangu kwamba sitamdanganya tena. Kwa hiyo sitamwandikia kabisa mpaka aandike yeye.

Chimba, mama.

Mwanao,
Batuli


Rumonge, 22 Mfunguo Tano 1330, Februari 1912

Yaya Batuli,

Niko mzima. Nimekonda, kanga inanizunguka mara nyingine zaidi, lakini nakula samaki na kugombana na Swedi, kwa hiyo jua kwamba nimepona. Nisamehe kunyamaza. Barua yako ilinichoma kwa sababu niliisoma huku Zuwena yuko mgongoni.

Mama Wema amekuja kuniungamia habari ya shimo, amevaa nguo yake ya Idi, amesimama wima kama anayengoja hukumu ya boma. Nikamwambia, "Mama, nilijua." Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Alipomleta mtoto nimnyonyeshe, niliona mchanga kwenye mikunjo ya mapaja na nyuma ya masikio. Nilitaka kuinuka nikapige kelele. Miguu yangu ilikataa. Tulikuwa mama na mwana, na hakuna kati yetu aliyeweza kusimama.

Basi nikalala na kusikiliza. Nilisikia jembe, yaya. Nikaziba masikio. Kisha nikasikia kilio, nikasikia Mama Wema anaongea naye Kirundi, na baada ya kitambo nikasikia kicheko. Kesho yake hivyohivyo. Kila asubuhi walimtia ardhini, na kila adhuhuri aliletwa kwangu akicheka, amejaa mchanga mpaka kwenye kope. Siku zilivyoendelea nikawa nalingoja lile jembe.

Mama Wema aliposikia kwamba nilijua, alikaa chini palepale. Akasema, "Na mimi nilikuwa nanyamaza nisikuumize!" Nikamuuliza habari za mgomba. Akaniambia alivyowafukuza wanaume na alivyoupanda. Hatukulia sana. Alikwenda nyuma akarudi na ndizi mbivu, akaniwekea mapajani, na leo nimezila zote.

Sasa nikuambie la juzi. Nilikuwa nimeketi mlangoni naota jua. Mama Wema anageuza dagaa. Swedi anaziba nyufa za mtumbwi, na Zuwena ameushika ubavuni, anasogea nao taratibu, mkono baada ya mkono, mpaka akafika mwisho wake. Pale mtumbwi unakwisha. Aligeuka akaniona. Mimi nikanyoosha mikono, nikaanza kuinuka nikamchukue. Mama Wema akapaza sauti, "Kaa! Mwamini, kaa chini!"

Nikakaa. Nilishika mwimo wa mlango.

Zuwena aliuachia mtumbwi. Alisimama amepanua mikono kama mtu anayevuka mto. Akaanza kuja. Mguu wa kushoto bado anaukanyagia vidole, anachechemea kidogo, sikufichi. Akaanguka matako. Sikuinuka, yaya, ingawa kila mfupa wangu uliinuka. Akakasirika. Akaweka viganja chini, akainua makalio kwanza, akatulia hivyo kichwa chini kana kwamba anaushauri mchanga, kisha akajiinua wote. Akaja mpaka akaniangukia kifuani, anahema, moyo unampiga. Akanuka dagaa. Swedi alikuwa ameligeukia ziwa, mabega yanamtikisika. Na Mama Wema, mwenye maneno makali, alichota mchanga kwa mkono akaumwaga miguuni pa mwanangu, akauchota tena akaumwaga.

Tangu hapo nikimfunga mgongoni anapiga mateke. Mgongo wangu umekuwa mwepesi, na usiku bado naugusa.

Baada ya Maulidi tunakuja. Aruna atatuchukua mtumbwini mwake, sisi pamoja na Mama Wema, ambaye anasema anataka kumwona huyo Batuli anayejua kuandika neno moja tu. Tutalala Minago kwa shangazi yake Swedi, kisha Kabezi, kisha kwenu.

Yaya, nakujua. Ukiuona mtumbwi utakunja kanga na kuingia majini kumpokea. Usimpokee. Simama pale juu na Abasi wako, ujishike mikono ukiweza. Mimi nitashuka, nitamweka chini ufukweni.

Mwache aje mwenyewe.

Ndugu yako,
Mwamini